Hujaonja, Lakini Ushasema Hupendi

Mwaka wa kwanza chuo, jamaa niliyekuwa naishi naye hosteli alirudi kutoka kwao Kakamega na mkebe wa kumbikumbi. Mamake alikuwa amewatoa mbawa, akawakaanga, akatia chumvi kidogo. Jamaa akanisongezea mkebe: "Karibu, buda." Mimi nikatoa simu nikaanza kurekodi. "Wasee, cheki vitu hawa watu wanakula!" Nikaweka kwa stetasi. Watu walicheka sana. Yeye pia alicheka, kidogo, halafu akafunika mkebe. Tangu hiyo siku sikuwahi kumwona akila chakula cha kwao mbele yangu.

Kinachoniuma ni kwamba jioni hiyo hiyo nilienda kula mutura kando ya barabara. Mutura! Utumbo umejazwa nyama na damu, unakatwa juu ya kibao ambacho Mungu pekee anajua kimepitia nini, na sikuuliza hata swali moja. Kwa hivyo msiniambie nilikuwa naogopa uchafu. Mutura nimekula tangu nikiwa mdogo, nimeshikwa mkono na baba. Kumbikumbi nilikuwa nawajua kama wale wadudu wanaojaa kwa taa mvua ikinyesha, basi.

Woga wa chakula kigeni si kitu cha kuonea mtu aibu, manze. Mwaka wa 1992 watafiti wawili kule Kanada, Patricia Pliner na Karen Hobden, walitoa kipimo chake cha sentensi kumi, na bado kinatumika hadi leo. Ukifikiria, woga huu una maana. Binadamu anakula karibu kila kitu, na hapo ndipo hatari ilipo: uyoga huu ni mtamu, ule pale unakuzika. Ndiyo maana watoto wanasumbua zaidi kati ya miaka miwili na sita, wakati wameanza kutembea na kuokota kila kitu. Kwa hivyo mdogo wako akitema managu, hajakosa adabu. Mpe tena siku nyingine, kidogo, bila kumlazimisha. Wakati mwingine inachukua mara kumi au zaidi.

Na mambo huanza mapema kuliko hapo. Kuna utafiti wa Marekani uliotoka 2001: kina mama walikunywa juisi ya karoti wakiwa na mimba au wakinyonyesha, na watoto wao walipoanza kula, walipokea uji wenye ladha ya karoti vizuri kuliko wale ambao mama zao walikunywa maji tu. Kwa maneno mengine, hiyo kitu unaita "ladha yangu" ulianza kuchaguliwa kabla hujazaliwa.

Lakini si ulimi peke yake. Uliza shosho yako kuhusu 1984. Kulikuwa na ukame mkali na yakaletwa mahindi ya manjano kutoka nje. Watu walikula kwa sababu njaa haina mchezo, lakini wengi waliyachukia, na mpaka leo kuna mtu ukimpikia ugali wa manjano ataona umempa chakula cha msaada au cha ng'ombe. Ni mahindi tu, jameni! Na haya meupe tunayoyaita chakula cha kwetu kabisa, asili yake ni Amerika. Wazee wa kale walikuwa na wimbi na mtama.

Ama chukua hayo managu. Kuna wakati mtoto wa mtaani angekuficha kwamba kwao wanakula mboga za kienyeji, eti ni za maskini. Siku hizi zinauzwa supamaketi, na 2021 UNESCO ikatambua kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya asili. Majani ni yale yale, uchungu ni ule ule. Aliyebadilika ni mtu anayeonekana akiyala.

Sisemi ule kila kitu. Kuna dini, kuna mzio, na kuna vitu tu vinakataa kushuka. Mwislamu akikataa mutura yangu ya damu, hajaogopa chochote, ana sababu zake. "Asante, mimi sili" inatosha kabisa. Mimi sikusema hivyo. Mimi nilisema "hawa watu", na nikageuza mkebe wa mamake kuwa kontenti.

Stetasi hupotea baada ya saa 24. Mwaka jana tulikutana kwa harusi ya rafiki, nikamwomba msamaha nikidhani atauliza ni ya nini. Hakuuliza. Aliniambia nusu ya ule mkebe ulikuwa wangu, mamake alikuwa ameutuma akisema amgawie yule kijana wanaishi naye, anaonekana hali vizuri.

Nilikosa la kusema, wasee. Mvua ilipoanza alinipigia simu, nikaenda kwake. Wa kwanza nilimmeza macho yamefungwa, sikusikia ladha yoyote. Wa pili nikatafuna: mafuta mafuta, kama njugu karanga zilizokaangwa. Sijasema nawapenda, vile vimiguu bado vinanikwama kwa meno. Lakini nilikula, na simu ilibaki mfukoni.