Jina la Baba Si Jina la Mtunzi: Dhidi ya Utumwa wa Marejeleo

Katika idara zetu za Kiswahili hapana sehemu ya tasnifu inayokaguliwa kwa jicho kali kuliko orodha ya marejeleo, wala hapana inayotafakariwa kidogo kuliko hiyo. Mtahini huuona mkato uliokosekana na kuuzungushia wino mwekundu. Huiona italiki iliyosahauliwa na kupunguza alama. Aghalabu hamuulizi mwanafunzi kama aliyeorodheshwa ndiye hasa aliyetunga. Makala haya yanaipinga desturi hiyo. Hatupingi utaratibu, maana mswada usio na utaratibu ni mzigo kwa mhariri na kwa msomaji. Tunachopinga ni utaratibu unaosema uongo. Rejeleo ni ushahidi wa nani alisema nini, na kanuni inayompoka msemaji jina lake imeshindwa kazi iliyoundiwa.

Tuanze na asili ya kanuni yenyewe. Mtindo wa APA, ambao vyuo vyetu vingi vinaufuata, ulianza mwaka 1929 ukiwa mwongozo mfupi wa wanasaikolojia wa Marekani. Waliouandika walikuwa na majina ya ukoo, na taaluma yao iliuthamini mwaka wa kuchapishwa kwa sababu jaribio jipya huweza kulitangua la zamani. Kwao, jina la ukoo, herufi za mwanzo na mwaka vilitosha. Sisi tuliipokea kanuni hiyo bila kuuliza kama Waswahili na majirani zao huitana hivyo.

Matokeo yake ni kichekesho kisichochekesha. Shaaban Robert (1909–1962) huandikwa “Robert, S.”, ilhali Robert ni jina la baba yake, Robert Selemani Ufukwe. Hivyo sifa ya kutunga humwendea mzazi, na mwana hubaki herufi moja. Muyaka bin Haji huwa “Haji, M. B.”, ambapo “bin” imehesabiwa kuwa jina la pili. Ngũgĩ wa Thiong’o huwa “Thiong’o, N. W.”, na kihusishi “wa” kimepandishwa cheo. Mwana Kupona binti Mshamu, akiandikwa kwa kanuni hiyo hiyo, atakuwa “Mshamu, M. K.”: lakabu yake ya heshima imekuwa herufi, jina lake limekuwa herufi, na baba yake ndiye mtunzi wa utendi ambao mama alimtungia bintiye. Tunahakiki nafasi ya mwanamke katika fasihi kwa kurasa mia mbili, kisha katika ukurasa wa marejeleo tunamwondoa.

Wala si majina pekee yanayopotoshwa. Utendi huo ulitungwa mwaka 1858, lakini mwanafunzi anayetumia chapa ya Werner na Hichens hufundishwa kuandika kwenye mabano majina ya wahariri hao wawili na mwaka 1934. Msomaji mgeni atadhani kuwa anasoma mawazo ya Waingereza wawili wa karne ya ishirini. Mhariri anastahili shukrani na nafasi yake, ila nafasi hiyo ni baada ya mtunzi. Na anayedai kwamba kanuni hii walau huondoa utata, akumbuke kwamba huwatenganisha Said Ahmed Mohamed na Mohamed Suleiman Mohamed katika matini kwa herufi za mwanzo tu. “S. A. Mohamed (1980)” ni Utengano na “M. S. Mohamed (1976)” ni Nyota ya Rehema. Msomaji asiyezijua herufi hizo kwa moyo hatajua ni Mohamed yupi hadi afunue orodha.

Hapa Kakamega tatizo lina sura nyingine iliyo nzito zaidi. Magharibi mwa Kenya mtoto huweza kuitwa Wafula au Nafula kwa kuzaliwa wakati wa mvua, Wekesa au Nekesa kwa kuzaliwa wakati wa mavuno. Wengine hurithi majina ya waliotangulia. Kuyaita yote haya majina ya ukoo ni kukisia tu. Lakini angalau mwenye kitabu huorodheshwa, hata kama ni kwa jina lililopinduliwa. Fanani wa fasihi simulizi haorodheshwi kabisa. Chini ya APA, mahojiano aliyoyafanya mtafiti mwenyewe bila kuhifadhiwa mahali panapofikika huitwa mawasiliano binafsi. Hutajwa katika matini na kuachwa nje ya orodha kwa kuwa msomaji hawezi kuyapata. Ngoma ya isukuti ya Waisukha na Waidakho iliingizwa na UNESCO mwaka 2014 katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka, kwa kuwa wengi wa wajuzi wake ni wazee na warithi ni haba. Mwanafunzi humwendea mzee wa namna hiyo, hurekodi nyimbo zake na kupata shahada kwazo. Orodha yake ya marejeleo inawataja wananadharia wa Paris ambao hakuwahi kuwaona, na haimtaji mzee aliyemkaribisha kwake.

Tutaambiwa kwamba Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 na maadili ya utafiti yanadai usiri. Ni kweli kwamba hakuna anayepaswa kutajwa bila idhini yake. Lakini fanani si mgonjwa anayefichiwa maradhi yake, ni msanii. Aulizwe kama anataka jina lake liandikwe. Tusimfiche kwa kisingizio cha kumlinda.

Tutaambiwa pia kwamba majarida ya ng’ambo hayatatukubali. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama miongozo yenyewe ingekuwa migumu kama sisi. Toleo la saba la mwongozo wa APA, lililotoka mwaka 2019, limetenga sehemu ya maarifa ya jadi na mapokeo simulizi ya wenyeji wa asili, na linataka msemaji atajwe kwa jina kamili pamoja na jamii na mahali pake. Mwongozo wa Chicago, ambao toleo lake la kwanza ni la 1906, unaeleza jinsi ya kupanga majina ya Waarabu, Wahungaria, Waburma na wengineo kwa kufuata desturi zao. Waisilandi, ambao pia hutumia jina la baba, hupangwa kwa jina la kwanza, na dunia haijalalamika. Hata programu ya Zotero inaruhusu jina liandikwe katika kisanduku kimoja bila kukatwa vipande viwili. Mwenye kanuni amelegeza kamba. Sisi tuliofungwa ndio tunaoikaza.

Tunapendekeza basi kwamba majarida ya idara zetu yakubaliane juu ya mambo manne. Kwanza, mtunzi aorodheshwe kwa jina kamili na kwa mpangilio anaojulikana nao, na aliye hai aulizwe anavyotaka. Pili, katika kazi za kale mtunzi atangulie, mhariri afuate, na mwaka wa kutungwa, pale unapojulikana, uandikwe kabla ya mwaka wa chapa. Tatu, fanani aliyetoa idhini aingie katika orodha ile ile ya marejeleo, kwa jina, mahali, lugha, tarehe na mahali rekodi ilipohifadhiwa. Idara isiyo na hifadhi ya rekodi ianzishe, ili lile dai la kutopatikana likose mashiko. Nne, mswada unaopelekwa ng’ambo uambatane na barua fupi ya kumwomba mhariri aheshimu majina hayo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji fedha za wafadhili. Yanahitaji mtahini ambaye, kabla ya kuuzungushia mkato wino mwekundu, atauliza: huyu aliyetajwa hapa ni nani, na aliyeachwa ni nani? Mwanafunzi akijibu swali hilo vyema, mkato tutamsahihishia.