Tunapigwa Kwenye Glasi

Wanachuo wenzangu, ukinunua chupa kubwa ya Safari au Kilimanjaro huna haja ya kumwamini mhudumu. Chupa imeandikwa mililita 500, kizibo kimefungwa, na kiwanda kinajulikana. Ikija imepungua unairudisha hapo hapo. Lakini kinywaji kikitolewa kwenye chombo kikubwa na kumiminwa kwenye kidogo, ile namba inapotea. Bia ya draft inatoka kwenye pipa, pombe kali inapimwa kwa toti, wanzuki unachotwa kwenye ndoo. Hapo unalipia kiasi usichokijua. Hoja yangu ni hii: kinywaji chochote kinachouzwa kwa kumiminwa kiuzwe kwa chombo chenye mstari na namba, na chombo hicho kikaguliwe kama inavyokaguliwa mizani ya sokoni.

Tuanze na draft, maana ndiyo inayoficha vizuri zaidi. Chukua glasi iliyonyooka, yenye kimo cha sentimita 15, inayobeba mililita 500. Kila sentimita moja ni kama mililita 33. Sasa mhudumu akikuletea ina povu la sentimita tatu juu, hapo kuna karibu mililita 100 ambazo si bia. Ndiyo, povu likitulia linarudisha bia kidogo, lakini ni kidogo kweli. Ukinywa glasi tano za namna hiyo, karibu glasi nzima umelipia hewa. Na hapo tumekubali kwamba glasi yenyewe ni ya nusu lita. Nani kasema?

Likizo iliyopita nilifanya jaribio dogo kwenye baa moja ambayo siitaji jina. Orodha ya bei ilisema nusu lita. Nilinunua maji ya chupa ya mililita 500, nikaomba glasi tupu ya aina ile ile, nikamimina. Glasi ilijaa mpaka ukingoni na maji bado yamebaki kwenye chupa, kama vidole viwili. Yaani hata bila povu, hata mhudumu awe mtakatifu, ile glasi haiwezi kubeba kinachoandikwa ukutani. Jaribio hili halihitaji maabara. Mtu yeyote anaweza kulifanya leo jioni.

Najua kwetu Mpanda draft si habari kubwa. Wengi wanakunywa ya chupa, na ambaye hela haifiki kwenye chupa anakwenda kwenye komoni, kangara au wanzuki, au anaagiza toti. Ndiyo maana jambo hili linaniuma. Mwenye hela ananunua chupa iliyofungwa, yenye namba. Asiye na hela ananunua kwa kupimiwa. Yule mwenye jero mfukoni ndiye asiyejua amepata nini. Kumbukeni viroba. Vilipigwa marufuku kuanzia tarehe 1 Machi 2017, na sisemi virudi, vilikuwa vinawamaliza vijana na kuchafua mitaa. Lakini kiroba kilikuwa na mililita zake zimeandikwa. Leo asiyeweza chupa anapimiwa kwenye kikombe kidogo ambacho mwenye baa kakichagua mwenyewe.

Sisi watoto wa wakulima wa Katavi tunaujua mchezo huu kwa jina lingine: lumbesa. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini mnunuzi wa mahindi anakuja na gunia lake, analishindilia, anashonea kilemba juu, halafu analipa bei ya gunia moja. Kwenye lumbesa gunia linazidi, kwenye baa glasi inapungua. Ukiangalia haraka utasema ni mambo mawili tofauti, lakini ni jambo moja: mwenye kushika chombo ndiye anayefaidi. Mzee anapigwa shambani kwa chombo cha mnunuzi, mwanawe anapigwa mjini kwa chombo cha muuzaji. Kwa lumbesa angalau tumepiga kelele, viongozi wamekemea, Wakala wa Vipimo wanakamata. Kwa glasi tumenyamaza kana kwamba ni utani.

Na sheria ipo. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, haikutungwa kwa ajili ya mahindi na nyama tu. Wakala wa Vipimo upo tangu 2002, na ukienda kituo cha mafuta pale mjini utaona stika yao kwenye pampu. Lita ya petroli inalindwa. Kwa nini nusu lita ya bia isilindwe?

Wenzetu hawakuona aibu kuliweka hili kwenye sheria. Uingereza bia ya bomba inauzwa kwa painti, ambayo ni mililita 568, au kwa visehemu vyake vilivyotajwa, na glasi inakuwa na alama ya uhakiki. Hata hivyo bado wanabishana: mwongozo wa wafanyabiashara unaruhusu povu hadi asilimia 5, wanywaji wengine wanasema hata hiyo ni wizi. Ujerumani glasi ya baa ina mstari wa kujazia na namba pembeni, povu linakaa juu ya mstari. Na bado mjini Munich kuna chama cha wananchi cha kupinga umiminaji wa kupunja, kinachofuatilia magi za lita moja kwenye sikukuu yao ya bia. Hapa jirani, Kenya, Senator Keg inauzwa kutoka kwenye pipa kwa magi tangu 2004, na walengwa ni watu wa kipato cha chini. Kwa hiyo msiseme draft ni anasa ya mabosi.

Kuna watakaosema: we mwalimu mtarajiwa, badala ya kutetea pombe ungewaambia watu waache. Jibu langu ni kwamba anayetaka kupunguza ndiye anayehitaji kipimo kuliko wote. Dereva wa bodaboda anayesema "nilipiga toti mbili tu" hajui kama ni mbili au tatu na nusu. Huwezi kuhesabu usichokijua. Na kupunja hakuwi halali kwa sababu bidhaa ni pombe. Kwenye Kurani kuna sura nzima, ya 83, yenye jina la wapunjaji wa vipimo. Biblia nayo, Mithali sura ya 11, inaanza na mizani ya udanganyifu.

Wengine watasema nawaonea mama zetu wanaouza komoni. Hapana. Kwa mama wa kilabuni kopo ni lile lile miaka yote, wateja wote wanalijua, na ukilalamika anakuongezea. Uaminifu upo kwa sababu mnafahamiana, na kesho utarudi. Baa ya mjini haina hilo. Mhudumu anabadilika kila mwezi, glasi zinabadilika, mteja ni msafiri aliyeshuka kwenye treni ya Tabora. Pasipo kufahamiana, inabidi namba ifanye kazi ya ujirani. Hata mama wa komoni akipata kopo lenye alama ya nusu lita hapotezi kitu, tena anapata ushahidi dhidi ya mteja mkorofi.

Kinachotakiwa si kikubwa. Leseni za vileo zinatolewa na halmashauri. Wakati wa kutoa au kuhuisha leseni, mwenye baa aoneshe glasi na toti zake, na orodha ya bei iandikwe kwa mililita, si "ndogo" na "kubwa". Afisa Vipimo akija kukagua mizani ya bucha, apite na baa ya jirani.

Na sisi tuanze hapa chuoni. Juisi ya kantini inauzwa kwa glasi isiyo na namba, na inalipwa kwa bumu letu. Serikali ya wanafunzi iingize sharti la glasi yenye mstari kwenye mkataba ujao wa kantini. Sisi wa ualimu tutakwenda kumfundisha mtoto kusoma silinda ya kupimia, macho yakiwa usawa na maji. Tukitoka darasani tusikubali glasi isiyo na mstari. Uliza: "Hii ni mililita ngapi?" Asiyejibu, agiza ya chupa.