Mlima Ulio Mlangoni

Kila mwaka shule zifungwapo na Desemba iingiapo, wenye nafasi katika Nyeri, Karatina na Nanyuki hufunga mizigo yao kwenda Mombasa. Mimi siilaumu pwani. Asubuhi ya ufukweni ni tulizo la moyo: bahari imetulia, ngalawa zinarudi na samaki, na mchanga haujapata moto. Aikashifuye starehe hiyo ama hajaiona, ama ana wivu. Ninachokishutumu ni fikira iliyoota vichwani mwetu, kwamba likizo isiyofika baharini si likizo.

Msomaji, jiulize swali moja. Umekua chini ya Mlima Kenya, ambao wazee waliuita Kirinyaga wakauheshimu kuwa makao ya Mungu. Je, umepata hata siku moja kuuendea? Au waujua kama mtu amjuavyo jirani asiyemsalimu?

Januari 1943 Waitalia watatu, wafungwa wa vita, walitoroka kambini Nanyuki. Hawakutoroka ili warudi kwao. Walitoroka ili waupande mlima waliokuwa wakiutazama nyuma ya seng'enge. Wawili wao, Felice Benuzzi na mwenziwe, walifika kilele cha Lenana, wakasimika bendera yao. Kisha wote watatu wakarudi kambini kwa hiari yao wenyewe. Ewe kijana, wafungwa walivunja kifungo kwa ajili ya mlima huu. Sisi tulio huru hatuvunji hata uvivu. Desemba 1963 Kisoi Munyao aliipandisha bendera ya Kenya huru juu ya mlima huo huo. Bendera ilipanda kwa niaba yetu. Je, miguu yetu itapanda lini?

Watajibu wengine kwamba juu kuna baridi kali, kwamba gharama ni kubwa, na kwamba kupanda mita 4,985 si kazi ya kila mtu. Ni kweli. Lakini nani aliyesema kwamba lazima ufike kileleni? Toka Nyeri mapema kwa gari la abiria. Pita Naro Moru, vuka mstari wa Ikweta karibu na Nanyuki, tazama mashamba ya ngano ya Timau, kisha ushuke Meru. Lala huko ukipenda. Kesho yake shika njia ya Chuka na Embu, urudi kwa Karatina. Utakuwa umeuona mlima kwa nyuso zake zote, na kuvuka mito mingi iliyozaliwa ubavuni mwake.

Wala usichelewe. Mackinder alipofika kilele cha Batian mwaka 1899, barafu ilikuwa imetanda juu ya mlima. Sasa ile iitwayo Lewis, iliyokuwa kubwa kuliko zote, imebaki vipande tu, kwa kuwa dunia inazidi kupata joto. Huenda kizazi chako kikawa cha mwisho kuiona. Bahari itakungoja, barafu haitakungoja. Tena mtu hulinda akijuacho. Asiyeujua mlima hatauonea uchungu msitu wake ukatwapo, wala hatashangaa mito ikaukapo, mpaka siku atakapofungua bomba asipate tone.

Ukiisha kuuzunguka mlima, nenda pwani kwa furaha. Mto Sagana, utokao mlimani, huingia katika Tana, na Tana humwaga maji yake baharini karibu na Kipini. Maji ya kwenu yamekutangulia pwani tangu zama za kale. Ukienda kuoga baharini nawe huujui mlima, utakuwa kama msomaji aliyefungua kitabu katika ukurasa wa mwisho. Wahenga walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao.