Nyumba Bora: Nyuma ya Kigae Kuna Nini?



Mwezi huu tuzungumze juu ya bafu. Siku hizi wananchi wengi wanapenda bafu lenye vigae ukutani. Wengine huviita marumaru, wengine tailizi. Ni vitu vizuri. Ukivipitisha kitambaa chenye sabuni vinatakata.

Wengi wetu tunakwenda kuvinunua Dar es Salaam, pale Kariakoo. Ukizunguka mitaa yake mpaka upande wa Gerezani utaona maduka ya vifaa vya ujenzi. Vigae vimewekwa mlangoni, vinang'aa. Ndani zaidi zimeegemezwa bodi za kushikia vigae. Hizo mnunuzi huzitazama mara moja tu. Wewe anza nazo.

Nitakueleza yaliyompata shemeji yangu. Yeye anakaa kijijini, huko Kisarawe. Aliuza korosho zake, akaenda mjini kununua vigae vya bafu. Nyumba yake ni ya miti na udongo, na ukuta wake umepinda kidogo. Muuzaji mmoja akamwambia, "Mzee wangu, chukua bodi hizi. Pigilia kwenye miti, ukuta utanyooka. Kisha bandika vigae." Shemeji akakubali. Bodi zilikuwa nyeupe, laini, zimenyooka kweli.

Mvua za masika zilipokwisha, ukuta ulikuwa umevimba. Kigae cha kwanza kilianguka usiku. Siku chache baadaye vikaanguka vingine vinne kwa pamoja. Kimoja kilimkata mguu mtoto wake wa mwisho.

Kosa halikuwa la vigae. Bodi zile zilikuwa za jipsamu. Jipsamu ni unga mweupe ulioshindiliwa kati ya karatasi mbili. Hutumika sana kwenye dari. Mahali pakavu hudumu miaka mingi. Ikilowa mara kwa mara, karatasi huachia na unga hulainika. Kumbuka pia kwamba vigae ni vizito. Mita moja ya mraba ya vigae vya ukutani, pamoja na gundi yake, inaweza kufika kilo 15 au zaidi.

Utauliza, maji yalipitaje kwenye kigae? Kigae chenyewe karibu hakipitishi maji. Yanapita kwenye mistari iliyo kati ya kigae na kigae. Fundi huijaza saruji laini, lakini saruji hiyo hunyonya maji, na baadaye hupata nyufa ndogo. Kwa hiyo maji yatafika nyuma. Cha kujiuliza ni yatakuta nini huko.

Sasa, kwa nini Kariakoo kuna bodi nyingi hivyo? Zamani nyumba za Kariakoo zilikuwa kama zetu: za miti na udongo, vyumba sita, na ua nyuma. Nyingi zimebomolewa, yamejengwa maghorofa. Huko juu watu hugawa vyumba kwa kuta nyepesi, kwa sababu matofali mengi yataielemea sakafu. Bodi zinawafaa hao. Muuzaji anauza kile ambacho wateja wake wengi wanakitaka.

Ziko bodi za aina nyingi. Nyingine ni za saruji iliyochanganywa na nyuzi. Hizo ni nzito, ngumu, na maji hayaziozeshi. Nyingine zina povu gumu katikati, na saruji na wavu pande zote mbili. Hizi za povu hutumika katika nchi za baridi, kama Uingereza, kwa kuwa husaidia ukuta wa bafu usipoteze joto. Maji hayaziharibu, na ni nyepesi sana kubeba. Lakini Dar es Salaam hata usiku wa Julai baridi yake si ya kutetemesha mtu. Kulipia kizuia baridi huko ni sawa na kununua koti la sufu la kuvaa shambani Januari. Ndugu zetu wa Makete watanicheka, wao wanaijua baridi.

Kama ni lazima ununue bodi, usiamini rangi wala maneno. Omba kipande kilichovunjika, ukubwa wa kiganja. Kitie katika ndoo ya maji, kilale humo usiku kucha. Asubuhi kibonyeze kwa kidole gumba. Kikibonyea, au karatasi ikibanduka, usikiweke bafuni. Jaribio hili halina gharama, na hata asiyesoma maandishi ya kiwandani anaweza kulifanya.

Lakini sisi tunaojenga chini, kwa matofali, hatuhitaji bodi yoyote. Ukuta wa tofali za saruji wenye lipu nzuri ndio bora. Changanya ndoo 1 ya saruji na ndoo 4 za mchanga safi. Usitumie mchanga wa ufukweni, una chumvi. Lipu ikiwa bado mbichi, ikwaruzwe ili gundi ipate kushika. Imwagilie maji siku 7. Kisha iache ikauke, jumla ipate wiki mbili au zaidi kabla ya kubandika.

Mwambie fundi apake gundi ukuta mzima kwa mwiko wenye meno. Wengine huweka madonge matano tu, moja kila pembe na moja katikati. Hapo nyuma hubaki matundu, na maji hutuama. Vigae vikikauka, vigonge kwa kidole. Kinacholia kama debe tupu kitolewe, kibandikwe upya. Fanya hivyo kabla hujamlipa fundi fedha zote.

Na ukuta wa udongo je? Usibandike kigae juu yake. Udongo huvimba na kusinyaa, na lipu ya saruji huachana nao. Jenga ukuta mwingine wa tofali upande wa ndani, ukianzia kwenye msingi wa zege. Si lazima ufike darini. Kimo cha mtu kinatosha, pale maji yanaporuka.

Ndivyo alivyofanya shemeji mwaka uliofuata. Katika vigae vyake, 46 vilikuwa bado vizima. Alivikwangua, akavibandika kwenye pembe ya kuogea tu. Sehemu iliyobaki aliipiga lipu na niru. Ni ya kijivu, si nzuri sana kwa macho, ila inasuguliwa na kutakata.