Tathmini ya mipango ya watoto isomwe kijijini



Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji ili nitoe maoni yangu kuhusu tathmini ya mipango ya watoto na familia inayoendeshwa vijijini. Mipango yenyewe husemwa sana kwenye mikutano na redioni. Jinsi inavyopimwa haisemwi.

Utaratibu tulioufahamu sisi wa vijijini ni huu. Mpango unafika, wananchi wanaitwa, semina zinafanyika. Baada ya miaka miwili au mitatu gari linaleta watu wenye fomu. Wanapita nyumba hadi nyumba wakiwauliza akina mama mtoto alikula nini jana, kliniki anapelekwa mara ngapi, maji yanachotwa wapi. Wanaandika, wanashukuru, wanaondoka. Ripoti inakwenda wilayani, mkoani, Dar es Salaam na kwa wafadhili. Aliyeulizwa haioni kamwe. Mama mmoja mwenye mtoto wa darasa la kwanza aliwahi kuniuliza kama wale waliokuja mwaka uliopita "walifaulu au walifeli". Sikuwa na la kumjibu, na hata mtendaji wetu hakuwa nalo.

Sisi walimu tulifundishwa chuoni kwamba jaribio linalosahihishwa bila kurudishwa kwa mwanafunzi halimfundishi kitu. Daftari lisiporudi, kosa la leo litarudiwa kesho.

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Mwaka 1983 mkoani Iringa ulianzishwa mpango wa lishe ulioendeshwa na Serikali pamoja na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, kwa fedha za Italia. Ulianza na vijiji 168. Watoto walio chini ya miaka mitano walipimwa uzito kila baada ya miezi mitatu, hapo hapo kijijini, na hesabu ikapelekwa kwanza mbele ya halmashauri ya kijiji kabla ya kwenda juu. Wanakijiji wenyewe waliulizana kwa nini watoto fulani wako chini ya mstari. Waligundua mambo ambayo mgeni mwenye fomu angeweza kuyapita: kwamba mama anashinda shambani na mtoto analishwa mara mbili tu kwa siku, tena uji mzito unaomjaza tumbo kabla hajapata chakula cha kutosha. Yakafuata maamuzi yao, kama vile vituo vya kulishia watoto wakati wa kilimo. Kufikia mwaka 1988 utapiamlo mkali katika vijiji hivyo ulikuwa umeshuka kutoka zaidi ya asilimia 6 hadi chini ya asilimia 2. Mizani peke yake haikufanya hayo.

Mfano wa pili ni wa TASAF. Kuanzia mwaka 2010, kabla Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini haujaenezwa nchi nzima, ruzuku ilijaribiwa katika wilaya za Bagamoyo, Chamwino na Kibaha. Vijiji 80 vilihusika. Nusu vilianza kulipwa na nusu vikasubiri, ili vilinganishwe. Hiyo ni tathmini ya haki, maana mwaka wa mvua nzuri watoto hunenepa hata pasipo mradi. Ilionekana kwamba kaya zilizolipwa zilijiunga zaidi na bima ya afya, ziliongeza kuku na mifugo, na watoto wao walipata viatu. Mahudhurio ya kliniki yalipanda mwanzoni, kisha yakashuka. Anayehesabu mahudhurio tu angesema mpango umeharibika, kumbe watoto wadogo walikuwa wakiugua siku chache zaidi. Basi tuangalie tunachohesabu!

Hapa nina neno na wenzangu walimu. Ruzuku hiyo ilifungwa na sharti la mtoto kuhudhuria shule kwa asilimia 80, na sisi ndio wenye daftari la mahudhurio. Daftari hilo linaeleza nani alikuwapo. Halielezi nani alikuja bila kula, wala nani anafika kila siku na bado hajui kusoma. Na alama ya "yupo" inapogeuka kuwa fedha ya familia, mwalimu hubembelezwa. Mpango unaopimwa kwa daftari letu peke yake haujapimwa.

Huku Kang'ata watu wetu ni wakulima, na yapo machimbo ya dhahabu yanayowavuta vijana. Ukame wa Handeni unajulikana. Mama anayetoka alfajiri kutafuta maji anamwacha mdogo kwa bibi au kwa dada yake ambaye angepaswa kuwa darasani kwangu. Mtathmini akija mwezi wa mavuno, saa nne asubuhi, hayo hayaoni.

Programu ya Taifa ya malezi na makuzi ya awali ya mtoto ilizinduliwa Desemba 2021, na ipo Siku ya Afya na Lishe ya Kijiji ambayo hufanyika kila robo mwaka. Mkutano mkuu wa kijiji nao kisheria hukutana kila miezi mitatu. Sioni kwa nini viwili hivi visiunganishwe. Mhudumu wa afya asome hesabu ya watoto waliopimwa, bila kutaja majina ili mzazi asiaibishwe. Mwalimu aseme wangapi wameacha shule na wangapi wa darasa la pili hawajui kusoma. Na kila shirika linaloendesha mradi lieleze, kwa Kiswahili, nini kimebadilika kwa watoto tangu mkutano uliopita. Idadi ya semina zilizofanyika isihesabiwe kama mafanikio. Ripoti ya mwisho nayo iachwe ofisi ya kijiji kabla gari halijaondoka.

Naomba halmashauri za wilaya ziliweke hilo kuwa sharti kwa kila mradi unaopokelewa. Kwa upande wetu daftari lipo, na ubao wa matangazo upo.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kang'ata, Handeni.