Mkongo mpya, kompyuta kuukuu: wakala wa Arua aweke fedha wapi?

ARUA – Barabara ya lami kutoka Vurra hadi Oraba, kilomita 92, imerahisisha safari ya malori yanayokwenda Kongo na Sudan Kusini. Mkongo wa taifa umefika Arua na Koboko, na mwaka 2024 West Nile iliunganishwa na gridi ya taifa ya umeme. Hata hivyo, katika ofisi nyingi ndogo kuanzia Ediofe hadi mjini, mwisho wa waya kuna kompyuta iliyonunuliwa ikiwa tayari imetumika.

Mafundi wengi humwambia mteja atupe zote. Ushauri huo ni wa gharama, na mara nyingi hauna msingi. Kadi ya mtandao ya megabiti 100, aina iliyoanza mwaka 1995, huelewana bila shida na swichi nyingi za leo za megabiti 1,000. Ofisi inayolipia laini ya megabiti 10 haitapata kasi zaidi kwa kubadili kadi hiyo.

Penye matatizo kwanza ni waya. Megabiti 100 hutumia nyaya nne kati ya nane zilizomo ndani ya kebo. Mafundi wa zamani, kwa kubana matumizi, waligawa kebo moja ihudumie kompyuta mbili. Ukifunga swichi mpya na kompyuta mpya kwenye kebo hiyo, pande zote mbili hukubaliana kutumia megabiti 1,000, zikakosa nyaya, na taa ikawaka na kuzimika siku nzima. Mwenye ofisi hulaumu kampuni ya intaneti.

Kosa la pili ni la mipangilio. Zamani fundi alifunga kasi kwa mkono kwenye kompyuta. Swichi mpya ikiachwa ichague yenyewe, hudhani upande wa pili hauwezi kutuma na kupokea kwa wakati mmoja. Matokeo yake barua pepe fupi inapita, lakini ankara zilizoskaniwa zinakwama. Dereva yuko Oraba anasubiri, na wakala anaapa kuwa mtandao upo. Dawa yake ni kurudisha pande zote mbili kwenye kujichagulia, kazi ya dakika tano isiyohitaji kununua chochote.

Zipo pia swichi za gharama kubwa ambazo matundu yake ya kasi ya juu hayashuki hadi megabiti 10. Kwa mashine kongwe kiasi hicho, weka katikati swichi ndogo ya 10/100. Bei yake haifiki hasara ya lori kulala usiku mmoja mpakani. Printa ya zamani ya kuchapa nakala za kaboni, yenye plagi pana, nayo hupata kisanduku chake cha kuiunganisha na mtandao.

Kwa maoni yangu, kinachoizeesha kompyuta ni programu kuliko waya. Windows XP iliacha kupata marekebisho ya usalama Aprili 2014, na Windows 10 ikafuata Oktoba 2025. Kivinjari kilichokuja na XP hakina TLS 1.2, ufunguo ambao tovuti nyingi huudai kabla ya kufunguka. Kwa hiyo mashine inaweza kuwaka taa ya kijani kwenye swichi na bado ishindwe kufungua ukurasa wa forodha au wa EFRIS, mfumo wa risiti za kodi ulioanza Januari 2021.

Mwenye fedha ya kompyuta moja tu basi anunue hiyo moja, iwe ya matamko ya forodha na malipo ya benki peke yake. Zile kuukuu zibaki na daftari la mizigo na printa, zikiwa kwenye swichi yao, bila kufunguliwa njia ya intaneti. Na kabla ya hapo, fundi afungue ncha za kila kebo na kuhesabu nyaya.