Mkurugenzi Asijifiche Nyuma ya TARURA

Mkazi wa Goba au Chanika, Dar es Salaam, akienda ofisi za halmashauri kuulizia barabara ya mtaani kwake, jibu analijua kabla hajakaa: nenda TARURA. Kisheria jibu hilo lina ukweli. Tangu mwaka 2017 barabara za mitaa zimo mikononi mwa wakala huo, barabara kuu ziko TANROADS, leseni za daladala LATRA, na mwendokasi uko chini ya DART. Mkurugenzi wa halmashauri amebakiwa na nini, basi?

Amebakiwa na mipango ya ardhi, na usafiri huanzia hapo. Ofisi yake ndiyo inayoandaa michoro ya mipango miji, inayotoa vibali vya ujenzi, inayoamua soko likae wapi na shule ikae wapi. Mtaa ukijengeka bila kuachiwa njia, hakuna basi litakaloingia hata Serikali ikinunua mabasi elfu moja. Mkazi atalipa bodaboda hadi barabara kubwa, kisha alipe nauli nyingine hadi mjini, asubuhi na jioni, mwaka hadi mwaka. Nyumba zilizovunjwa mwaka 2017 kati ya Kimara na Kiluvya, kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, hazikuota usiku mmoja. Zilipanda tofali kwa tofali mbele ya macho ya watendaji wa mitaa na kata, na watendaji hao wana mkuu wao wa kazi.

Kuna pia suala la mipaka. Februari 2021 Halmashauri ya Jiji iliyoziunganisha manispaa ilivunjwa, Ilala ikapandishwa hadhi kuwa Jiji. Mkoa wenye watu 5,383,728 kwa Sensa ya 2022 sasa una halmashauri tano, wala hakuna baraza la madiwani linalozitazama zote. Abiria hana habari na mipaka hiyo. Analala Kibaha, mkoani Pwani, anabadili gari Mbezi Luis, manispaa ya Ubungo, anafungua duka Kariakoo. Pengo hilo litazibwa na wakurugenzi, au halitazibwa.

Kwa hiyo tunawataka waende wenyewe kwenye vikao vya mipango ya usafiri, wasitume ofisa asiyeweza kuamua lolote. Waende na ramani za viwanja vipya, na walichokubali kikaandikwe. Mkurugenzi huteuliwa na Rais, hapigiwi kura. Anaweza kukataa kibali ambacho diwani anaona aibu kukikataa mbele ya wapiga kura wake. Asipoitumia kinga hiyo, ameitupa kazi aliyoapa kuifanya.

Kisarawe na Mkuranga, nako mkoani Pwani, mashamba yanakatwa viwanja hivi sasa. Njia za mabasi zipimwe na kuwekewa bikoni kabla mnunuzi wa kwanza hajamwaga mchanga.